Herufi Mbili Zinazopotea Blogu Inapohama

Kwa Kimeru mwezi wa Aprili huandikwa Ĩpurũ. Tuseme mkulima wa Maua amekuwa akiandika kwa miaka mingi kuhusu miraa: bei ya shambani, mvua, na Juni ile ya 2014 Uingereza ilipoipiga marufuku na soko kubwa la Wameru likafungwa. Programu anayochapishia imezeeka, basi jioni moja anaihamishia blogu yake kwenye nyingine. Asubuhi anafungua na kukuta Ĩpurũ imekuwa Ä¨purÅ©. Anateremka ukurasa: penye ĩ pana Ä©, penye ũ pana Å©. Hakuna aya iliyofutwa, na hakuna aya inayosomeka.

Anayeandika Kiswahili hapatwi na msiba huu kwa urahisi. Kiswahili kina irabu tano, na zote zimo kwenye kibodi yoyote ile. Kimeru na Kiembu, sawa na Kikuyu na Kikamba, zina irabu saba, na zile mbili za ziada huandikwa kwa kuweka kiwimbi juu ya i na u. Wengi huviacha viwimbi hivyo wanapoandikiana kwa simu. Lakini mtu anayeandika habari za mila, kilimo au historia ya ukoo ili zisomwe na wajukuu hana budi kuviweka, na ni mtu huyo huyo anayepata hasara wakati wa kuhama.

Chanzo chake ni hiki. Kompyuta haitunzi herufi, inatunza nambari, na lazima pawe na mapatano kuhusu nambari ipi ni herufi ipi. Mapatano yanayotumika karibu kila mahali leo, UTF-8, yalibuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, na humo ĩ huchukua baiti mbili. Mapatano ya zamani zaidi, latin1, yalitengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi: kila baiti ni herufi moja, na ĩ na ũ hazimo kabisa. Programu inayosoma UTF-8 ikidhani ni latin1 huzichukua zile baiti mbili za ĩ na kuonyesha herufi mbili, Ä na ©. Hakuna virusi hapo, wala hakuna aliyeingilia blogu. Ni lebo isiyolingana na kilichomo ndani.

Lebo hiyo ina historia yake. MySQL, hifadhidata inayobeba sehemu kubwa ya blogu za dunia, ilianzia Uswidi, na hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018 ilikuwa ikitumia latin1 isipoambiwa vingine, hata ikipanga maneno kwa kanuni za Kiswidi. WordPress ilitoka Mei 2003, lakini ilianza kuzitajia hifadhidata za blogu mpya kwamba maandishi ni UTF-8 katika toleo la 2.2, mwaka 2007. Kwa hiyo blogu ya kabla ya hapo huenda ina baiti sahihi zilizowekwa kwenye sanduku lenye lebo ya latin1. Programu ile ile ikiandika na kusoma, mwenye blogu hajui lolote, kwa sababu kosa la kwanza hufutwa na la pili. Siku ya kuhama ndipo programu mpya inapoisoma lebo na kuiamini.

Mwenye blogu akikuta Ä© asifute kitu na asianze kusahihisha neno baada ya neno. Baiti zote bado zipo. Fundi anaweza kuibadilisha safu ya hifadhidata iwe ya baiti tupu zisizo na lebo, kisha aitangaze upya kuwa UTF-8, na Ä¨purÅ© irudi kuwa Ĩpurũ kwa dakika chache. Alama ya kuogopwa ni ile ya kuulizia. Ikiwa Ĩpurũ imekuwa ?pur?, maana yake programu fulani ilijaribu kuitia ĩ ndani ya latin1, ikakosa mahali pa kuiweka, ikaandika ? badala yake. Hapo baiti zimetupwa. Hakuna ufundi wa kuzirudisha. Dawa ni nakala rudufu iliyochukuliwa kabla ya kuhama. Kwa hiyo nakala hiyo ifunguliwe na kusomwa kabla ya jambo lolote lingine, maana faili ambalo halijawahi kufunguliwa haliwezi kuhesabiwa kuwa akiba.

Wako pia wanaoziacha hifadhidata na kuhamia programu za kurasa tuli, kama Jekyll ya 2008 au Hugo ya 2013, ambamo kila makala ni faili la maandishi matupu. Ni njia nzuri kwa mwandishi mmoja: faili hizo husomeka hata programu yenyewe ikifa. Ila ĩ inaweza kuandikwa kwa namna mbili, kama herufi moja kamili au kama i ikifuatiwa na kiwimbi cha peke yake. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa mashine ni maneno mawili. Mfumo wa faili ambao kompyuta za Apple ziliutumia kabla ya mwaka 2017 uliyapasua majina ya faili kwa namna hiyo ya pili, na kiungo kilichoandikwa kwa namna ya kwanza hakilipati faili lake kwenye seva.

Baada ya herufi, anwani. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, aina ya miraa, habari zilizowagusa wakulima wa Mbeere huko Embu zilisambaa kwa viungo kwenye makundi ya WhatsApp. Viungo hivyo bado vimo ndani ya simu za watu. Blogu ikihama na anwani zikabadilika, vyote vinafika kwenye ukurasa usiokuwepo. Na hapa kiwimbi kinarudi tena: kichwa kilicho na «Mweri wa kathatũ», ambao ni Machi kwa Kiembu, WordPress hukigeuza katika anwani kuwa mweri-wa-kathatu. Hugo, isipoagizwa vingine, huiacha ũ ilivyo, na kivinjari huituma kama %C5%A9. Makala ni moja, anwani ni mbili.

Dawa ni orodha ya anwani za kale na mpya, na agizo la 301 kwenye seva, linalosema kwamba ukurasa umehama moja kwa moja. Google hushauri maagizo hayo yaachwe kwa mwaka mmoja angalau. Yakiachwa miaka mingi zaidi ni bora. Aliye kwenye Blogspot, yaani Blogger ya Google, hana mamlaka juu ya seva, hivyo ni afadhali anunue jina lake kwanza, kwa mfano lile la me.ke ambalo KeNIC, msimamizi wa majina ya .ke, imewatengea watu binafsi, aliunganishe na blogu akiwa bado pale pale, Blogger yenyewe ianze kuwapeleka wasomaji kwenye jina jipya, na kuhama kufuate baadaye.

Picha nazo husahaulika. Faili ambalo Blogger hutoa kama akiba lina maandishi na viungo vya picha. Picha zenyewe hubaki kwenye kompyuta za Google. Blogu mpya itaonekana kamili, kumbe inaazima kila picha kutoka nyumba ya zamani. Na nyumba ya zamani inaweza kubomolewa: mwaka 2025 huduma ya blogu ya Typepad ilifungwa Septemba 30, na waliokuwa hawajapakua vitu vyao kufikia siku hiyo walivikosa.

Maandishi ya Kimeru na Kiembu kwenye intaneti ni machache, na ndiyo sababu kila ukurasa unaoharibika unaacha pengo kubwa kuliko ukurasa wa Kiingereza. Hata hivyo zana zipo. Lugha hizi mbili zina misimbo yao ya kimataifa, mer na ebu, inayopaswa kuandikwa mwanzoni mwa kila ukurasa ili mashine ijue inachosoma. Majina ya miezi kwa lugha hizi yamo katika CLDR, hazina ya muungano wa Unicode ambayo programu nyingi huchota tarehe zake, kwa hiyo blogu ya Runyenjes inaweza kuonyesha tarehe zake kwa Kiembu.

Kabla ya kuhamisha makala mia tatu, mwenye blogu aandike moja ya majaribio: kichwani Ĩ, ĩ, Ũ na ũ, ndani Ĩpurũ na Mweri wa kathatũ, pamoja na picha moja na kiungo kimoja. Aihamishe hiyo peke yake, aifungue kwa simu ya mtu mwingine, aitafute kwa kiwimbi na bila kiwimbi, aifikie kwa anwani ya kale. Ikitoka nzima, zile mia tatu zifuate.