Papa, Dagaa na Hesabu ya Zebaki

Kila inapovuma habari ya samaki wenye sumu, wako wanaosusa samaki wote na wako wanaoipuuza habari yote. Kosa lao ni moja: wanawahesabu samaki wa baharini kuwa kitu kimoja. Vipimo vya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani vinaonyesha wastani wa miligramu 0.013 za zebaki katika kilo ya saladini, na takriban 0.98 katika kilo ya papa, yaani mara 75 zaidi. Anayetaka kujua usalama wa kitoweo chake aulize kwanza ni samaki gani, na samaki huyo alikuwa akila nini.

Zebaki hufika baharini kutokana na volkano, moshi wa makaa ya mawe na uchimbaji wa dhahabu. Penye uhaba wa oksijeni, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, ambayo mwili huifyonza karibu yote na kuitoa polepole mno. Kwa binadamu, nusu yake huchukua takriban siku 50 hadi 70 kutoka. Dagaa huipata kwa kula viumbe vidogo vinavyoelea majini, kibua akamla dagaa, jodari akamla kibua, na papa aliyeishi miaka mingi akajilimbikizia ya wote hao. Nayo haikai kwenye magamba wala utumbo, bali imeshikamana na protini ya mnofu wenyewe, kwa hiyo kupara, kutumbua, kulowesha na kukaanga hakuiondoi. Ng'onda wa papa, anayependwa sana Pwani kwa tui la nazi, amepoteza maji tu. Kilo yake moja ina zebaki nyingi kuliko kilo ya papa mbichi.

Madhara yake yalijulikana kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki kuanzia 1932 hadi 1968. Ugonjwa ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956, paka wa wavuvi walikuwa wameshaanza kupepesuka na kufa. Baadaye ilibainika jambo zito zaidi: watoto walizaliwa na ulemavu mkubwa ilhali mama zao walikuwa na dalili ndogo au hawana kabisa, maana sumu hii hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika ubongo unaojengwa.

Atasema mtu kwamba Minamata ilikuwa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda, siyo bahari kuu. Ni kweli, na ndiyo maana utafiti wa Shelisheli una uzito kwetu. Huko mama wajawazito walikula samaki wa kawaida wa baharini takriban mara 12 kwa wiki; watoto wao walifuatiliwa kwa miaka mingi, na madhara ya kueleweka hayakuonekana. Katika visiwa vya Faroe, ambako zebaki ilitoka zaidi katika nyama ya nyangumi, watoto wa miaka 7 walionekana kupungukiwa kidogo katika lugha, umakini na kumbukumbu. Nadhani tafiti hizi mbili hazipingani. Samaki wa kawaida huja na mafuta ya omega-3 yanayoujenga ubongo, na faida hiyo hubaki pale zebaki inapokuwa kidogo.

Wako pia wanaosema wazee wetu walikula papa na wakaishi. Lakini bahari yao haikuwa hii: zebaki katika maji ya juu ya bahari inakadiriwa kuwa imeongezeka mara tatu tangu kabla ya enzi ya viwanda, na wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwemo wa Geita na Chunya, wana sehemu yao. Hoja nzito zaidi ni ya mfukoni, kwamba papa mkavu hukaa bila friji. Dagaa mkavu naye hukaa, tena huliwa na miiba yake yenye kalsiamu. Nesi wa kliniki ya wajawazito anayewahimiza mama wale samaki angewatajia na majina: dagaa, saladini na vibua wadogo mara kwa mara, papa na nduwaro waachwe hadi mtoto aache kunyonya.