Kubatilisha ndoa si talaka (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi talaka inavyoombwa. Leo tuingie kwenye jambo ambalo wengi hulichanganya nayo: kubatilisha ndoa.

Kijana mmoja alinijia na cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Mwezi wa tano baada ya harusi, mkewe alijifungua mtoto aliyetimia miezi yake. Alipouliza, mke hakumficha: mimba haikuwa yake. Wazee wakamwambia, kitanda hakizai haramu, yazike. Akayazika, wakaendelea kulala chumba kimoja. Aliponijia, cheti kilikuwa na miezi kumi na tisa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inatenganisha ndoa batili na ndoa batilifu. Ndoa batili haikuwahi kuwa ndoa: watu wa damu moja wameoana, au mwanamke ana mume mwingine, au ridhaa imepatikana kwa kulazimishwa. Hata hapo nashauri mtu aende mahakamani apate tamko, asibaki na maneno ya mdomo.

Ndoa batilifu ni halali kabisa mpaka mahakama iibatilishe. Sababu zake ni chache: mmoja hawezi tendo la ndoa, au anakataa kwa makusudi tangu mwanzo, siku ya ndoa mmoja alikuwa na kichaa au kifafa cha kujirudia, au ugonjwa wa zinaa wa kuambukiza, au mke alikuwa na mimba ya mwanamume mwingine.

Penye maradhi hayo na mimba, sheria imeweka masharti makali. Mwombaji awe hakujua siku anaoa au kuolewa. Awe hajakutana na mwenzake kimwili kwa hiari tangu alipojua. Na afungue shauri ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya ndoa, wala si tangu siku aliyogundua. Talaka ina hesabu ya kinyume: kwa kawaida huiombi kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, na lazima upitie kwanza Baraza la Usuluhishi. Ndiyo maana neno “vumilia”, linalosemwa kwa nia njema, linaumiza. Anayevumilia anapoteza haki huku akidhani anaitunza.

Shauri hufunguliwa hata Mahakama ya Mwanzo. Nenda na cheti, maelezo ya daktari kama yapo, na mashahidi. Uamuzi wa kanisa peke yake haufuti ndoa mbele ya serikali.

Yule kijana nilimwambia kweli: mlango huo umefungwa, uliobaki ni wa talaka, ndoa ikishatimiza miaka miwili, tena kwa kupitia Baraza. Alikaa kimya, kisha akauliza kuhusu mtoto, ambaye ameshazoea kumwita baba.

Wiki ijayo: watoto na matunzo yao.