Hamira, siki na mandazi yaliyogoma kuumuka

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo, kuna kitu kimenikaa kichwani tangu wiki iliyopita.

Mama anauza mandazi. Jioni moja akaniachia kazi ya kukanda kilo mbili za unga. Nikakumbuka shuleni, magadi yakimwagiwa siki yanatoa mapovu kibao. Nikajisemea, si nitie siki kwenye hamira iumuke fasta? Nikamimina karibu nusu kikombe. Asubuhi donge limelala vile vile. Mtaji wa siku ukaenda, we acha tu.

Swali likabaki: mbona hamira za aina hiyo hiyo zinaishi kwenye pombe ya mnazi, ambayo nayo inachacha?

Iko hivi. Hamira ni kiumbe hai, na kila kimoja ni seli moja tu. Uchachu tunaupima kwa pH: maji safi ni 7, na kila ukishuka namba moja uchachu unapanda mara 10. Nje ya seli pH inaweza kuwa 4, lakini ndani hamira inataka ibaki karibu na 7. Yaani chembe za uchachu, zinaitwa protoni, nje ni mara 1000 kuliko ndani!

Inawezaje? Kwenye utando wake kuna pampu inaitwa Pma1. Kazi yake ni kutupa protoni nje usiku na mchana. Nyingine inazisukuma protoni kwenye kifuko kilichomo humo humo ndani ya seli. Pampu hizi zinakula nishati nyingi, na nishati inatoka kwenye sukari. Sukari ikiisha, pampu inalegea, ndani kunachacha, na seli inasimamisha shughuli zake nyingi.

Sasa ubaya wa siki. Tindikali kali kama ile ya tumboni inavunjika huko huko nje, na protoni zake hazipenyi utando kirahisi. Ya siki ni mjanja. Penye uchachu molekuli zake nyingi zinabaki nzima, hazina chaji, kwa hiyo zinapenya kama mgeni aliyekaribishwa. Zikifika ndani kwenye pH 7 ndio zinavunjika na kuachia protoni. Pampu inatupa, nyingine zinaingia. Ni kama wavuvi kwenye ngalawa iliyotoboka: wote wanachota maji, nani atavuta wavu? Nguvu ya kukua na kutoa hewa ya kuumua unga inaishia kwenye kutupa protoni.

Ujanja huo huo ndio unaotumika viwandani wakitia sodiamu benzoeti kwenye juisi ili zisichache.

Kwenye mnazi uchachu unakuja pole pole na sukari ipo, hamira inapata muda wa kujipanga. Mnazi wenyewe ukikaa siku nyingi unageuka siki, na hapo hamira nayo inashindwa. Mimi niliimwagia yote kwa mpigo.

Kwa hiyo jamani, hamira ipewe maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Siki ibaki kwenye kachumbari. Mimi bado namlipa mama hela ya unga.

Wataalamu mliosoma zaidi karibuni mnirekebishe. Naomba kuwasilisha.