Bangi na maradhi ya akili: Aliye hatarini ni nani?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA miji yetu, kijana akionekana anazungumza peke yake barabarani, hukumu ya wapita njia huwa moja: amevuta bangi. Upande wa pili wapo wanaoapa vijiweni kwamba bangi ni mmea kama mchicha na haijapata kumdhuru mtu.

Kauli zote mbili zina kasoro, na anayeumizwa na kasoro hizo ni mtoto wa miaka 14 au 15 anayepewa msokoto wake wa kwanza.

Je, sayansi inasema nini? Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Sweden, uliowahusisha vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Waliulizwa kuhusu matumizi yao ya dawa za kulevya, kisha afya yao ikafuatiliwa kwa miaka 15.

Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Huo ni ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyo na ukweli. Watafiti walipozingatia matatizo mengine ambayo vijana hao walikuwa nayo tangu awali, tofauti hiyo ilipungua, lakini haikutoweka.

Hoja iliyobaki ilikuwa kipi kilitangulia. Huenda walioanza kuugua ndio waliokimbilia bangi ili kujituliza.

Utafiti wa mjini Dunedin, New Zealand, uliowafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, ulisaidia kutoa mwanga. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa kati ya waliokuwa wameanza kuvuta kabla ya kutimiza miaka 15 au walipoifikia, takriban mmoja kati ya 10 alikuwa na dalili za ugonjwa wa aina hiyo alipofika miaka 26. Kwa wasiovuta, idadi ilikuwa watatu kati ya 100. Baadhi ya walioathirika walikuwa na dalili tangu utotoni, lakini hiyo haikutosha kueleza tofauti yote.

Sababu ya umri kuwa na uzito si ngumu kuielewa. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Kemikali ya bangi inayolevya, iitwayo THC, huingilia mfumo ambao ubongo wenyewe huutumia kuratibu mawasiliano ya seli zake. Anayeanza mapema huvuruga nyumba ambayo fundi bado anaijenga.

Jambo la pili ni ukali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika katika maeneo 11 ya Ulaya na Brazil, ulibaini kuwa waliovuta kila siku walikuwa na uwezekano wa mara tatu zaidi wa kupatwa na ugonjwa huo wa akili. Kwa waliovuta kila siku bangi kali, yenye THC ya asilimia 10 au zaidi, uwezekano ulikaribia mara tano.

Hata hivyo, ugonjwa huu si wa wengi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa skizofrenia humpata mtu mmoja kati ya 300. Kwa hiyo wavutaji walio wengi hawataugua, na wagonjwa wengi hawajawahi kuvuta. Walio katika hatari kubwa ni wanaoanza utotoni, wanaovuta kila siku, na wenye ndugu wa damu waliowahi kuugua.

Je, sheria kali ndiyo dawa? Uingereza ilishusha bangi kutoka daraja B hadi C mwaka 2004, ikairudisha B mwaka 2009 kwa hofu ya afya ya akili, ingawa washauri wake wa kitaalamu walipendekeza ibaki C. Katika miaka hiyo ya daraja la chini, takwimu za serikali zilionyesha matumizi yakipungua.

Canada iliruhusu bangi mwaka 2018 kwa watu wazima pekee, na jimbo la Quebec likapandisha umri hadi miaka 21 mwaka 2020. Mwaka huo huo wa 2018, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu watu wazima kuitumia faraghani. Nchi hizo zimelegeza kamba kwa watu wazima, si kwa watoto.

Hapa Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kuuza na kutumia bangi. Lakini marufuku peke yake humfikia mtu akishakamatwa. Haimwelezi mwanafunzi kwa nini asubiri, wala haimpi mzazi pa kwenda.

Kijana anayeanza kujitenga, kukosa usingizi na kuwashuku watu wa nyumbani mwake anahitaji daktari mapema, awe anavuta au havuti. Familia inayomficha kwa kuogopa polisi, au kumzungusha kwa waganga kwa kudhani amerogwa, humcheleweshea tiba. Udhibiti wa bangi una maana pale unapomlinda mtoto huyo, na unapomwachia mgonjwa mlango wa hospitali wazi.