Kijarida cha Barua Pepe: Daftari la Wasomaji Mkononi mwa Mwandishi

Kijarida cha barua pepe ni barua ambayo mwandishi huwatumia kwa pamoja, na kwa vipindi vinavyojulikana, watu walioomba kuipata. Ndani yake huweza kuwamo sura ya riwaya inayoandikwa, makala fupi, habari za kitabu kipya au jibu la swali la msomaji. Kinachokitenga na tangazo la kawaida ni hilo neno "walioomba". Kila jina lililomo kwenye orodha limewekwa na mwenyewe kwa hiari yake, kwa hiyo anwani ile ni amana. Karibu kanuni zote za kazi hii, tangu kukusanya majina hadi kuyafuta, chimbuko lake ni hapo.

Tofauti hiyo ilijitokeza mapema. Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta na kompyuta mwaka 1971. Mwaka 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya DEC nchini Marekani, alituma tangazo kwa watu karibu 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya leo, bila kuwauliza. Malalamiko yalifuata papo hapo, na tangazo lile ndilo linalotajwa hadi leo kuwa barua taka ya kwanza.

Mwandishi anahitaji orodha ya walioomba wenyewe, daftari lake la wasomaji, kwa sababu kwa desturi hamjui msomaji wake. Kitabu kikishafika dukani, au kikiuzwa kupitia Amazon, jina la mnunuzi hubaki kwa muuzaji. Mwandishi akitoa kitabu cha pili, huanza tena kuwatafuta watu walewale waliokipenda cha kwanza. Mitandao ya kijamii hupunguza tatizo hilo bila kulimaliza, maana wafuasi ni wa mtandao kabla ya kuwa wa mwandishi, na mtandao ndio unaoamua nani aone nini. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa 6. Nchini Uganda, Facebook ilifungiwa na serikali Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na mwandishi aliyekuwa na wasomaji wake kwenye mtandao huo pekee akapotezana nao. Orodha ya barua pepe ni faili ambalo mwandishi anaweza kulipakua, kulihifadhi na kuhama nalo kutoka huduma moja kwenda nyingine.

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa hadithi za kuendelea. Wamezisoma magazetini miaka mingi, na sasa waandishi wengi wa Tanzania huuza riwaya zao kipande kwa kipande kupitia makundi ya WhatsApp, msomaji akilipa kwa simu. Barua pepe haiji kuyavunja makundi hayo. Wapo wengi Afrika Mashariki ambao wana anwani kwa sababu tu simu janja iliidai siku ya kwanza, na hawaifungui. Wanaoifungua kila siku ni watu wa maofisini, walimu, wanafunzi wa vyuo, na Waswahili walioko Oman, Uingereza au Marekani ambao hawana duka la vitabu vya Kiswahili karibu nao. Mwandishi mwenye wasomaji wa namna hiyo hutumia WhatsApp kwa taarifa ya haraka, na kijarida kwa kile kinachostahili kusomwa kwa utulivu na kuhifadhiwa.

Majina hukusanywa kwa uwazi. Njia iliyo rahisi ni ukurasa mfupi wa kujisajili unaosema mambo matatu: mwandishi ni nani, atatuma nini, na atatuma mara ngapi. Kiungo cha ukurasa huo huwekwa mwishoni mwa kitabu, kwenye wasifu wa mitandao ya kijamii, na hata kwenye karatasi mezani siku ya uzinduzi. Huduma nyingi humtumia anayejisajili barua ya kuthibitisha, na jina haliingii mpaka abonyeze kiungo kilichomo. Hatua hiyo huzuia anwani zilizokosewa na majina yaliyoandikwa na mtu mwingine. Kununua orodha ya watu, au kuchota anwani kutoka kwenye kundi la kazini, ni kuvunja amana kabla haijawekwa. Ni hatari pia kisheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Uganda ina yake ya mwaka huohuo, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na wasomaji walioko Ulaya hulindwa na kanuni ya ulinzi wa data ya GDPR iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018.

Mwenye wasomaji 20 anaweza kutumia barua pepe yake ya kawaida, mradi aziweke anwani zote kwenye sehemu ya Bcc, inayozificha. Akiziweka kwenye sehemu ya wapokeaji, kila mmoja ataziona anwani za wenzake, na siri za watu zitakuwa zimemwagika kwa kubonyeza mara moja. Orodha ikikua, huduma maalumu huhitajika. Mailchimp, iliyoanzishwa mwaka 2001, na nyingine za aina yake hutunza majina, hutuma barua na kuweka kiungo cha kujiondoa. Substack, iliyoanzishwa mwaka 2017, humwezesha mwandishi kutoza ada ya usajili, nayo huchukua asilimia 10 ya mapato. Malipo yake hupitia kampuni ya Stripe, kwa hiyo ni vyema mwandishi ahakikishe kwanza kama nchi yake imo katika huduma hiyo. Kampuni za barua pepe nazo zina masharti yao. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo humtaka anayetuma barua nyingi athibitishe kwamba anwani anayotumia ni yake kweli, na aweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja.

Barua ya kwanza ni ya kumkaribisha msomaji, na hutumwa mara anapojisajili, angali anakumbuka kwa nini amefanya hivyo. Haihitaji urefu. Mwandishi wa riwaya anaweza kuandika: "Ndugu msomaji, karibu sana. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi utapata sura moja ya riwaya ninayoiandika, pamoja na neno moja la Kimvita na maana yake. Leo nina swali moja tu: kitabu gani cha Kiswahili ulikianza ukashindwa kukiweka chini?" Barua hii imetoa ahadi, imetaja siku, na imefungua mazungumzo. Mwito wa "ndugu msomaji" nao unamfaa mzee na kijana, tofauti na salamu za mtaani ambazo humpendeza mmoja na kumkwaza mwingine.

Katika barua zinazofuata, kichwa ndicho kinachoamua kama barua itafunguliwa. "Kijarida Na. 7" hakimwambii msomaji kitu. "Kwa nini Mzee Kombo alifunga duka saa sita mchana" kinamvuta, mradi jibu limo ndani kweli. Kichwa kinachoahidi kisichokuwamo hufanikiwa mara moja tu. Mwili wa barua huwa na jambo moja kuu. Picha huwa chache na nyepesi, kwa sababu wengi husoma kwenye simu na kwa bando la kununua, na pia kwa sababu Gmail hukata barua ambayo maandishi yake na alama za kuyapanga vinazidi KB 102. Idadi ya barua hupangwa kulingana na uwezo. Barua moja kwa mwezi isiyokosa siku yake humjengea mwandishi heshima kuliko nne zilizofuatwa na kimya cha nusu mwaka.

Kuuza kunaruhusiwa, kwani aliyejiunga anajua kwamba mwandishi anaishi kwa vitabu. Kinachotakiwa ni kipimo: barua kadhaa zitoe kitu cha kusoma kabla ya ile inayoomba fedha. Barua ya mauzo hutaja bei, namna ya kulipa na namna kitabu kitakavyomfikia mnunuzi aliyeko Dodoma au Muscat. Chukulia orodha ya watu 200. Wakinunua 12 tu kitabu cha shilingi 15,000 za Tanzania, barua moja imeleta shilingi 180,000, na wanunuzi wote 12 wanajulikana kwa majina.

Mafanikio hayapimwi kwa idadi ya waliofungua peke yake. Huduma huhesabu ufunguzi kwa kupachika picha ndogo isiyoonekana, lakini tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple huweza kuipakia picha hiyo yenyewe, hata kama mtu hajasoma. Vipimo vya kuaminika zaidi ni viungo vilivyobonyezwa, vitabu vilivyonunuliwa na, zaidi ya yote, majibu. Msomaji anayeandika mistari miwili kumtetea mhusika aliyeuawa katika sura ya nne amempa mwandishi maoni ambayo hesabu yoyote haiwezi kumpa, naye anastahili kujibiwa.

Hatimaye orodha husafishwa. Walionyamaza kwa mwaka mzima huulizwa kama bado wanataka barua, na wasiojibu huondolewa, maana barua zisizofunguliwa huzifanya kampuni za barua pepe zimdhanie mwandishi kuwa mtuma barua taka. Anayeomba kutoka huondolewa bila kuulizwa sababu, na akitaka taarifa zake zifutwe, zinafutwa. Jina lile lilikuwa lake tangu mwanzo.