Kontra ya Leta: Nani Anaamua, Nani Anatia Sahihi?



Kila mutu amekwisha kuona kazi ya Leta inayoanza na kusimama katikati. Barabara inachimbwa, mawe yanamwagwa, kisha kimya. Ao soko linajengwa, na nyuma ya mvua mbili bati linaruka. Watu wanasema: "Bakubwa balisha kula." Pengine ni kweli, pengine hapana. Lakini mwenye kulalamika bila kujua njia ya feza hawezi kuuliza swali la kufaa. Basi tueleze njia hiyo pole pole.

1. Nani ana ruhusa ya kuamua?

Katiba ya mwaka 2006 inataja serikali za chini za aina ine zilizo na feza yao na sahihi yao: mji, komini, sekta na sheferi. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaeleza kazi zao. Bukavu ni mji, na ndani yake kuna komini za Ibanda, Kadutu na Bagira. Kwetu Luvungi ni mambo mengine. Grupema ya Itara-Luvungi iko ndani ya sheferi ya Bafuliiru, na kwa sheria grupema si moja ya zile ine. Haina bajeti yake, haiwezi kufanya kontra. Kwa hiyo mutu akitaka kujua habari ya kazi iliyolipwa na feza ya hapa, asiishie kwa shefu wa grupema. Aulize kwa sheferi.

Kila moja ya zile ine inapashwa kuwa na sehemu mbili. Kwanza konsei, inayopiga kura juu ya bajeti na kukagua. Pili watendaji, maana yake mere ao burugumesta ao shefu pamoja na wasaidizi wao, wanaotimiza yale yaliyopigiwa kura. Miaka mingi konsei hizi hazikuwako. Mere na burugumesta waliwekwa kutoka Kinshasa, na walitumika bila mutu wa kuwauliza. Ndiyo maana tarehe 20 Desemba 2023 ilikuwa siku kubwa: kwa mara ya kwanza tangu katiba hiyo, watu walichagua konsei za komini, lakini katika sehemu tu ya komini za inchi.

2. Feza inatoka wapi?

Sehemu moja inatoka kwa mama zetu sokoni, kwa kodi na taksi za kila siku. Sehemu ingine inatoka juu. Tufanye hesabu. Inchi ikikusanya franga 100 za mapato ya taifa, katiba inasema 40 ni za majimbo. Na sheria ya 2008 inasema kwamba katika fungu la jimbo, asilimia 40 iende kwa miji, komini, sekta na sheferi. Asilimia 40 ya 40 ni 16. Basi kwa franga 100, 16 zingefika chini. Lakini mara nyingi hazifiki zote, wala kwa wakati. Hapo ndipo kazi nyingi zinasimama katikati.

3. Kontra inapita njia gani?

Sheria ya tarehe 27 Aprili 2010 inaamuru hivi:

a) Ofisi inayotaka kazi inaandika mpango wa mahitaji yake.
b) Inatoa tangazo kwa wote: kazi gani, namna gani, siku gani ya mwisho.
c) Wenye kutaka kazi wanaleta bahasha zilizofungwa, na zinafunguliwa mbele yao.
d) Bei na ufundi vinapimwa, na matokeo yanatangazwa.
e) Anayeona ameonewa analalamika kwanza kwa ofisi ile, kisha kwa ARMP, chombo cha Leta kinachosimamia kontra.

Kuna njia ingine, gre-a-gre: Leta inachagua mutu mumoja bila mashindano. Sheria inaikubali, lakini kwa sababu maalum, kama vile jambo la haraka sana, na kwa ruhusa iliyoombwa mbele. Mwaka 2020 inchi yote ilifuata kesi ya miradi ya "siku 100", ambamo kontra za nyumba zilitolewa kwa gre-a-gre. Mushitakiwa mukubwa alihukumiwa miaka 20 mwezi wa sita 2020, na mwaka 2022 akaachiliwa na mahakama. Tujifunze hili: mashindano yanalinda feza ya watu, tena yanalinda jina la mukubwa asiye na kosa. Mahali ambapo bei hazikulinganishwa, mashaka hayaishi.

4. Wakati watu wanaitwa

Mwaka 1989 mji wa Porto Alegre, inchi ya Brazil, ulianza kuwaita wakaaji waseme wenyewe sehemu ya bajeti ifanye nini. Nyuma ya mwaka 2010 njia hiyo ilifika Kivu ya Kusini, kwa usaidizi wa Banki ya Dunia. Ilijaribiwa katika sehemu kama Ibanda na sheferi ya Luhwinja. Watu waliitwa mikutanoni kwa ujumbe wa telefone, wakachagua kazi ya kutangulia. Mutu aliyeona kodi yake inageuka kuwa kazi halipi kwa uchungu.

5. Na sisi?

Mwezi wa pili 2025 AFC/M23 waliingia Bukavu, na ofisi nyingi zilivurugika. Lakini sheria tulizoeleza ni za Jamhuri, na kuzijua hakukatazwi na mutu. Ukiona kazi ya Leta, uliza maswali matano, kwa heshima na bila matusi:

– Nani aliamua kazi hii?
– Bei ni ngapi?
– Wangapi walishindana?
– Itaisha siku gani?
– Nani atakagua mbele ya kulipa?

Mukubwa mwema atajibu bila kukasirika. Na akikataa kujibu, hilo pia uliandike.