Kwenda Mycenae kwa Baiskeli: Safari za Kuongozwa kwenye Magofu ya Ugiriki



Mwezi Mei 2024 shangazi yangu alinipigia simu kutoka Tanga akaniuliza niko wapi. Nikamwambia niko Ugiriki, napandisha kilima kwa baiskeli. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Gari limeharibika, baba?" Nikamwambia la, shangazi, nimelipa pesa ili nipande hii baiskeli. Alicheka mpaka simu ikakatika. Kwake yeye, kama kwa wengi wetu tuliokulia huko, baiskeli ni ya kubebea maji, mkaa na trei za mayai. Mtu aliyesoma mpaka akaitwa daktari, kisha akarudi kwenye baiskeli, basi kuna jambo limemsibu.

Tangu nirudi wengi wameniuliza habari za safari hiyo: ikoje, inafaa kwa mtu wa umri gani, na sisi wenye pasi za nyumbani tunaingiaje. Nimeona bora nieleze mara moja. Mimi si mwanaakiolojia, fani yangu ni udongo na maji, kwa hiyo msamehe mkiona natazama mitaro zaidi ya sanamu.

SAFARI YENYEWE IKOJE

Ziko namna mbili. Ya kwanza ni ya kuongozwa. Mnakuwa kundi dogo, watu kama kumi hivi, kiongozi mbele kwa baiskeli, na nyuma gari linalobeba masanduku, maji, vipuri na yeyote aliyeishiwa nguvu. Ya pili ni ya kujiongoza mwenyewe. Kampuni inakupa baiskeli, ramani kwenye simu na hoteli zilizokwisha lipiwa, mizigo inahamishwa kwa gari, lakini njiani uko peke yako. Ukipata pancha unaziba mwenyewe.

Kwa siku mnakwenda kilomita 30 hadi 60, na katikati mnasimama kutazama magofu. Msidanganywe na namba hizo. Ugiriki ni nchi ya milima, na kilomita 40 za Peloponnese si sawa na kilomita 40 za Uholanzi. Siku hizi makundi mengi yana baiskeli za betri. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya mota yake haizidi wati 250, na inaacha kukusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Pedali unakanyaga mwenyewe, lakini kilima kinakuwa na huruma. Mimi nilichukua ya betri na sioni haya kusema.

Jambo moja watu hawalijui: kule kuongoza wageni ndani ya maeneo ya kale ni kazi ya leseni, ina shule yake na diploma yake. Kwa hiyo kiongozi wa baiskeli mara nyingi anakufikisha getini tu, na ndani anakupokea mtu mwingine. Kabla ya kulipa, uliza kama huyo wa ndani yumo katika bei. Usipouliza utajikuta umesafiri maelfu ya maili ukasome vibao.

KWA NINI BAISKELI, SI BASI?

Jibu langu ni Korintho. Mimi ni mtoto wa madrasa, lakini jina hilo nililijua tangu utotoni kwa jirani zetu Wakristo na zile nyaraka za Paulo. Ukifika kwa basi utaonyeshwa hekalu la Apollo la karibu mwaka 540 KK, nguzo saba zimesimama bado, kila moja jiwe zima. Utaonyeshwa jukwaa la mawe ambapo, kwa masimulizi ya Matendo ya Mitume, Paulo alisimamishwa mbele ya gavana Galio, mnamo mwaka 51 BK. Utapiga picha, utaondoka. Hutajua kwa nini mji ulikuwa tajiri pale na si kwingine.

Kwa baiskeli unajua kwa miguu. Kaskazini, mwendo mfupi tu, iko bandari ya kale ya Lechaion, inayotazama magharibi kuelekea Italia. Ukigeuka mashariki, kwa kama kilomita 10, unafika Kenkrea, bandari ya pili, inayotazama Asia. Sehemu ya magofu yake sasa imezama, unayaona chini ya maji kama mawe ya kawaida. Asubuhi moja umegusa bahari mbili na hujachoka. Hapo ndipo unapoelewa: mji huu ulikalia shingo ya nchi, na kila mfanyabiashara aliyeogopa kuizunguka Peloponnese yote alipita mlangoni pake. Karibu mwaka 600 KK walijenga njia ya mawe, Diolkos, ya kuburutia mizigo na vyombo kutoka bahari moja hadi nyingine. Mfereji wenyewe, kilomita 6 na kidogo, ulifunguliwa mwaka 1893 tu.

Ni vivyo hivyo kwa Mycenae. Ukitoka Korintho kwenda kusini unapita Nemea, penye mizabibu na uwanja wa michezo ya kale, kisha unaingia njia nyembamba katikati ya milima iitwayo Dervenakia. Hapo hapo mwaka 1822 Wagiriki waliliotea jeshi la Waturuki likavunjika. Ukishatokeza upande wa pili, tambarare ya Argos inafunguka mpaka baharini, na kushoto kwako, kwenye bega la mlima, ndiyo Mycenae. Haihitaji mwalimu: aliyekaa pale aliona kila aliyeingia na kila aliyetoka. Mapafu yanapowaka moto kwa kile kilima cha mwisho, unaelewa pia kwa nini maadui walifikiri mara mbili.

Lango la Simba ni la karibu mwaka 1250 KK. Kaburi linaloitwa Hazina ya Atreus lina jiwe la juu ya mlango linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 120. Heinrich Schliemann alichimba hapo mwaka 1876 akatoa dhahabu ya kutosha kuutia ulimwengu wazimu. Lakini mimi nililokwenda kuliona ni tangi la maji. Kuna ngazi zinazoshuka gizani ndani ya mwamba, kama mita 18 chini, mpaka mahali walipokuwa wakipokea maji ya chemchemi iliyo nje ya ukuta, ili mji uliozingirwa usife kwa kiu. Nendeni na tochi, maana ngazi zinateleza.

Kutoka hapo unashuka hadi Nafplio, mji wa bahari uliokuwa makao makuu ya Ugiriki mpya mpaka mwaka 1834. Ni mahali pazuri pa kulala siku tatu, maana Tiryns na kuta zake ziko kilomita 4 tu. Watu wa Tiryns, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walichoshwa na mto uliokuwa ukifurika mjini, wakajenga bwawa na mfereji wakaugeuza upite kwingine.

Ukielekea mashariki kwenda Epidaurus, baada ya kilomita 15 hivi, kando ya barabara ya lami utaona kibao kidogo. Mabasi hayasimami. Ni daraja la Arkadiko, la kati ya mwaka 1300 na 1190 KK, la mawe makubwa yaliyopangwa bila chokaa. Urefu wake mita 22, upana wa kutosha gari la kukokotwa na farasi. Bado linapitika. Nilishuka, nikaangalia huku na huku, nikapanda tena, nikapita juu yake taratibu.

Kuhusu ukumbi wa Epidaurus, wenye nafasi za watu kama 14,000, mtaambiwa kwamba sarafu ikianguka katikati, au mtu akinong'ona, aliyeko juu kabisa anasikia kila kitu. Watafiti wa chuo cha Eindhoven, Uholanzi, walipima mwaka 2017 wakaona mambo si hivyo. Mnong'ono hauelewi vizuri isipokuwa umekaa karibu, ila mtu akipaza sauti anaeleweka mpaka juu. Kwangu mimi hilo linatosha kabisa. Jengo la karne ya 4 KK, bila kipaza sauti!

JOTO NA MOTO

Hapa nasema kwa uzito. Msiende Julai na Agosti. Julai 2023, Juni 2024 na Julai 2025 Acropolis ya Athens ilifungwa saa za mchana kwa sababu ya joto, na Juni 2024 watalii kadhaa walifariki wakitembea juani. Mmoja wetu anaweza kusema, "Mimi mtu wa Tanga, joto nalijua." Joto la Tanga lina kivuli cha mwembe na upepo wa bahari. Lile ni jiwe tupu, na wewe una miaka thelathini ya kuzoea mvua za Uingereza. Na majani makavu huwaka: Agosti 2007 moto ulifika ukingoni mwa Olympia, na Agosti 2020 uliunguza nyasi ndani ya eneo la Mycenae lenyewe. Nendeni Aprili, Mei, au mwisho wa Septemba na Oktoba.

Wenye presha na sukari, ongeeni na daktari kwanza, na dawa zikae kwenye mkoba wa mbele, si ndani ya sanduku lililoko kwenye gari.

VIZA

Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, hata kama ana kibali cha kudumu cha kuishi Uingereza au Marekani. Kibali hicho hakikuingizi Ugiriki. Ada ya mtu mzima ilipanda ikawa euro 90 mwezi Juni 2024, na lazima bima ya safari ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Na gumu kuliko yote ni kupata miadi.

Mimi niliumia. Mwaka 2018 nililipa malipo ya awali kwanza, nikatafuta miadi baadaye, nikaipata siku nne baada ya kundi kuondoka. Wenzangu kazini, wenye pasi nyekundu na za buluu, walikwenda wakanitumia picha. Pesa haikurudi. Kampuni ilisema masharti yaliandikwa, na kweli yaliandikwa, kwa herufi za kusomwa na siafu. Kwa hiyo shikeni miadi kwanza (maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari), na mchague kampuni itakayowaandikia kwamba viza ikikataliwa malipo yanarudi au yanahamishiwa safari nyingine. Ulizeni pia kama tiketi za magofu zimo, maana bei zilipanda Aprili 2025 na Acropolis peke yake ikawa euro 30.

Niliporudi nilimpigia shangazi. Akauliza, haya, baada ya jasho lote hilo umeona nini? Nikamweleza daraja, miaka 3,200 na ushei, nimepita juu yake na baiskeli. Nilitegemea acheke tena. Akaniuliza: "Na mvua zote hizo hazikulibeba?"

Swali la mtu aliyeona madaraja mangapi yakienda na maji. Nami nikakaa kitako nikamweleza, kwa nusu saa nzima, jinsi walivyoyapanga yale mawe na kwa nini waliacha ule upenyo mdogo chini. Ndiyo mhadhara wangu mzuri kuliko yote ya mwaka ule.

Wasalaam.